Flopi za mjomba na nyufa za Amboni: kipi hasa cha kuokoa?

SWALI: *Shikamoo Mtaalamu. Mimi ni fundi wa kompyuta, nina kibanda Ngamiani, Tanga. Mjomba wangu ni mjiolojia mstaafu. Mwezi uliopita alinikabidhi sanduku la bati. Ndani kuna flopi kumi na tisa (kumi na nne kubwa zile laini, tano ndogo ngumu), furushi la karatasi za printa zenye matundu pembeni, na madaftari matatu ya uwandani. Anasema ni programu ya Fortran (lugha ya zamani ya kuandikia programu za hesabu) aliyoishughulikia kati ya 1986 na 1993, ya kukokotoa jinsi nyufa na folti zinavyofunguka na kuteleza kwenye mawe ya chokaa ya huku kwetu, Amboni mpaka Pongwe. Faili moja ya EXE, yaani programu iliyo tayari kuendeshwa, nimeipata kwenye flopi ndogo, laptopu imeikataa. Flopi kubwa sina pa kuzisomea, na mbili zina ukungu mweupe. Vijana wenzangu wananiambia nitupe flopi, niandike upya kwa Python, au niipe akili mnemba iitafsiri usiku mmoja. Mjomba macho yanafifia, na anasema programu ikifa na kazi yake yote imekufa. Nianzie wapi? Na je, inastahili taabu yote hii?*

Marahaba, fundi. Kabla ya lolote: zile flopi mbili zenye ukungu zitoe sandukuni, ziweke kwenye bahasha ya karatasi peke yake, na usiziingize kwenye mashine yoyote. Kichwa cha kusomea hugusa sahani moja kwa moja. Ukungu utakwaruza ile rangi ya sumaku iliyobeba data, utaganda kwenye kichwa, na flopi ya tatu utakayoingiza, iliyokuwa nzima, utakuwa umeiambukiza mwenyewe. Nimeona mtu akiharibu flopi sita kwa sababu ya moja. Usizianike juani pia. Zikae mahali pakavu, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafaa kabisa. Hewa ya bahari ya Tanga unaijua, haikuanza kwako kutia vitu kutu.

Sasa swali lako. Umeniuliza kama inastahili taabu. Sanduku linastahili. Programu yenyewe inategemea, na nitakueleza inategemea nini. Wewe na mjomba, kila mmoja kwa upande wake, mmeshika kwamba mali iliyomo ni ile EXE, kwamba ikifunguka tumepona na isipofunguka tumezika. Mimi katika masanduku ya namna hii huhesabu kinyume. Juu kabisa naweka madaftari ya uwandani, kisha karatasi za printa, kisha msimbo chanzo, yaani zile faili za maandishi ya Fortran, na mwisho kabisa EXE. Sababu utaziona tukiendelea.

Tuanze na laptopu kuikataa, maana hilo limewatisha bure. Programu za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, za miaka ile ziliandikwa kwa prosesa za biti 16. Windows ya biti 64 haiwezi kuendesha programu za biti 16 hata kidogo, na Windows 11 inatolewa kwa biti 64 tu. Kwa hiyo ile faili kukataliwa hakumaanishi kwamba imeharibika. Pakua DOSBox, ni ya bure, ambayo hujifanya kompyuta ya enzi zile ndani ya laptopu yako. Iweke EXE humo, na yawezekana mchana huohuo mjomba akaona skrini yake nyeusi ya zamani. Fanya hivyo mapema, si kwa sababu ni kazi ngumu ya kisayansi, bali kwa sababu mzee atatulia, na mzee aliyetulia hukumbuka mengi. Ila ifanye kwenye nakala. Flopi ndogo ina kidirisha cha plastiki kwenye kona: kisukume mpaka tundu liwe wazi, hapo haiandikiki. Ile kubwa ni kinyume chake, ina pengo ubavuni ambalo unaliziba kwa utepe ndipo ifungwe. Mafundi wengi wa siku hizi hili huwapita, wanaona pengo wazi wanadhani ni salama.

Kwa kusoma, flopi ndogo utapata kisomeo cha USB kwa bei nafuu. Za inchi 5.25 ndizo zenye kazi: inabidi upate kisomeo kizee kutoka kwenye kompyuta iliyokufa, kisha ukiunganishe kupitia kadi ndogo kama Greaseweazle, ambayo husoma mawimbi ya sumaku yenyewe badala ya kusubiri DOS ielewe. Faida yake ni kwamba hata sehemu iliyochoka hupati jibu la "imeshindikana" tu. Unapata alichokisikia kichwa, na unaweza kusoma mara kumi na kulinganisha. Chukua taswira ya flopi nzima, yaani faili moja iliyobeba kila kilichomo, usinakili faili moja moja. Andika namba juu ya kila flopi na namba ileile kwenye jina la taswira. Piga picha ya lebo, maana mwandiko wa mjomba kwenye lebo ni sehemu ya data.

Hapo ndipo vijana wenzako wanapotaka kuruka moja kwa moja kwenye Python. Siwalaumu, na sina ugomvi na Python, mimi mwenyewe naiandika kila wiki. Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kuandika upya ni kutunga programu mpya inayodai kufanya kazi ya ile ya zamani. Dai hilo lazima lipimwe, na kipimo kiko kwenye lile furushi la karatasi ambalo nina hakika hakuna aliyekwambia ulitunze.

Ili uone kwa nini, ni lazima tuelewane programu yenyewe inafanya nini. Jiolojia hutofautisha ufa wa kawaida, ambapo mwamba umepasuka tu au umeachana kidogo, na folti, ambapo pande mbili za mpasuko zimesogea, moja ikateleza juu au kando ya nyingine. Chukua godoro la sponji. Lichanje kwa kisu sehemu tano sita, kisha lisukume kutoka pembeni. Utaona baadhi ya machano yanafunguka midomo, mengine yanajifunga, mengine pande zake zinateleza. La muhimu zaidi, ukilichana la sita, yale matano ya mwanzo yanabadilika tabia. Kila ufa unahisi jirani zake. Hiyo ndiyo hesabu yote. Programu hukata kila ufa vipande vifupi, na kwa kila kipande, tukibaki kwenye hesabu ya bapa yenye pande mbili, kuna vitu viwili visivyojulikana: kimefunguka kiasi gani, na kimeteleza kiasi gani. Kisha inaandika mlinganyo wa jinsi kila kipande kinavyokisukuma kila kipande kingine, na kuifumbua yote kwa mpigo.

Fanya hesabu kidogo nami. Vipande 100 vinaleta visivyojulikana 200. Jedwali lake ni 200 kwa 200, yaani namba 40,000, na kila namba ya kawaida ya Fortran hula baiti 4. Hizo ni baiti 160,000. Ongeza vipande viwe 200, jedwali linakuwa namba 160,000, baiti 640,000. DOS nzima ilikuwa na kilobaiti 640 za kuchezea, na humo ndimo programu na DOS yenyewe vilipaswa kukaa. Kwa hiyo ukifungua msimbo wa mjomba, sitashangaa ukikuta mwisho wa vipande 100 au karibu na hapo. Mwisho huo haukutoka kwenye miamba, ulitoka kwenye mashine. Na kama ulikuwepo, mjomba alilazimika kuchagua nyufa zipi ziingie na zipi ziachwe. Kijana wa Python atakuja, ataingiza nyufa zote elfu moja, majibu yatakuwa tofauti, na atasema mzee alikosea. Mzee hakukosea. Alichagua, na sababu za uchaguzi wake ziko kichwani mwake au kwenye daftari. Akiondoka nazo, huzipati kwenye EXE wala kwenye msimbo.

Kuna jambo jingine la namna hiyo ambalo limewahi kuniumbua mwenyewe: alama za kuongeza na kutoa. Wajiolojia wengi huhesabu mgandamizo kuwa chanya, kwa sababu chini ya ardhi karibu kila kitu kimegandamizwa. Wahandisi wengi huhesabu mvutano kuwa chanya. Na katika mbinu iliyochapishwa na Crouch na Starfield mwaka 1983, ambayo programu nyingi za nyufa za miaka ile ziliinakili au kuizaa upya, ufa unaofunguka hupewa namba hasi, na namba chanya maana yake pande mbili zinasogeleana. Ukitafsiri bila kulijua hilo, programu itafanya kazi bila kulalamika, michoro itapendeza, na kila ufa uliofunguka utauchora umefungwa. Kwenye mawe ya chokaa, ambako maji hupita kwenye nyufa zilizo wazi, umekwisha geuza ramani ya maji nje ndani.

Pekua karatasi za printa utafute majina. Ukiona TWODD, hiyo ndiyo familia ya Crouch na Starfield. Ukiona SRECTF au DC3D, mjomba alitumia kazi ya Yoshimitsu Okada wa Japani, aliyetoa milinganyo ya jinsi uso wa ardhi unavyosogea folti inapoteleza chini yake, ya kwanza mwaka 1985, ya pili, yenye kwenda mpaka chini ya uso, mwaka 1992. Hapa kuna mtego mtamu. Zote mbili hudai namba moja ya tabia ya mwamba inayoitwa alfa, inayotokana na lamda na myu, namba mbili zinazopima ugumu wa mwamba. Kwenye ile ya 1985 alfa ni uwiano wa myu kwa jumla ya lamda na myu. Kwenye ya 1992 ni jumla ya lamda na myu, ikigawanywa kwa jumla ya lamda na mara mbili ya myu. Kwa mwamba uleule wa kawaida ambao lamda na myu ni sawa, ya kwanza inataka 0.5 na ya pili inataka 0.6667. Jina moja, mwamba mmoja, namba mbili. Mjomba kama alihama kutoka moja kwenda nyingine mwanzoni mwa miaka ya tisini, tazama faili za kuingizia data kama alibadilisha. Namwamini mjomba, lakini tazama.

Kama programu yake ni hizo hizo bila mabadiliko makubwa, basi nitakwambia kweli: programu haina upekee wa kukukosesha usingizi. Milinganyo ya Okada imeandikwa upya duniani kwa lugha nyingi na inatumika kila siku na watu wa matetemeko. Makala yake ya 1985 hata ina jedwali la majibu ya kujipimia. Lakini kama mjomba aliongeza vyake, tuseme msuguano kwenye nyufa, au maji yenye shinikizo ndani yake, au namna yake ya kushughulikia mapango, hapo kuna kitu ambacho hakipo kwingine. Utajuaje? Linganisha msimbo wake na chanzo chake mstari kwa mstari. Yasiyofanana ndiyo mjomba.

Sasa karatasi. Miaka ya nyuma nilifanya kazi mahali fulani tulipoamua kusafisha stoo. Tulitunza flopi kwa heshima zote, karatasi tukazichoma, tukijiambia si zimo kwenye flopi. Baada ya miaka miwili tukaisoma flopi, tukaikompaili programu (yaani tukaugeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa), ikaenda, ikatema namba. Hakuna aliyeweza kusema kama ni namba sahihi. Hapakuwa na cha kulinganisha nacho. Karatasi yenye data zilizoingia juu na majibu yaliyotoka chini ni shahidi, na ni shahidi asiyehitaji umeme. Kwa hiyo zipige picha zote, ukurasa kwa ukurasa, mchana, simu ikiwa juu kabisa ya karatasi, bila kuzichana kwenye mikunjo. Karatasi utakayoipenda zaidi ni ile yenye mfano mdogo wa ufa mmoja ulionyooka. Karibu kila mwandishi wa programu za namna hii alikuwa na huo, kwa sababu jibu lake linapatikana kwa kalamu: ufa ulionyooka unaovutwa sawasawa hufunguka kwa umbo la nusu duaradufu, mpana katikati na sifuri kwenye ncha. Ukiupata huo, una rula.

Ukishakuwa na rula, ndipo ukompaili. Fortran ilitoka IBM mwaka 1957 na bado kompaila zake zinatengenezwa mpaka leo. Watu wa Tanga tunasema waja leo waondoka leo, tukijua fika mgeni hataondoka. Basi Fortran ndiye mgeni huyo. Chukua gfortran, kompaila ya bure. Mwambie kwa `-std=legacy` asishangae mambo ya kizee, na usiguse hata herufi moja ya msimbo kabla hujaona unafanya nini.

Mitego yake inajulikana. Fortran ya kale ilirithi umbo la kadi za matundu zenye safu 80: amri hukaa kati ya safu ya 7 na ya 72, safu ya 6 ni ya kuendeleza mstari, na chochote baada ya 72 kinapuuzwa kimyakimya. Kihariri cha kisasa kikikusogezea mstari kwa nafasi mbili tu, tarakimu ya mwisho inaangukia safu ya 73 na inatoweka, bila onyo kwenye baadhi ya kompaila. Mtego wa pili ni kumbukumbu. Kompaila za zamani mara nyingi ziliweka vigeu vya ndani (majina yanayobeba namba) mahali pamoja pa kudumu, navyo vikaanza na sifuri. Watu wakazoea, wakaacha kuviandikia thamani ya kuanzia. Kompaila ya leo huviweka mahali pa kupita, na humo hukuta takataka zilizoachwa na wengine. Programu inatoa jibu moja asubuhi na jingine jioni. Dawa ya muda ni `-fno-automatic` pamoja na `-finit-local-zero`. Kisha ikompaili mara ya pili kwa `-finit-real=nan` (nan maana yake "si namba") badala ya sifuri, uone majibu yanaharibikia wapi. Hapo ndipo mjomba alipoitegemea sifuri ambayo hakuiandika. Na weka `-fcheck=bounds`, maana yule jamaa wa vipande 100 akipewa cha 101 haoni haya kuandika juu ya data za jirani.

Kama flopi za msimbo zimekufa na umebaki na msimbo uliochapwa kwenye karatasi, itabidi uuchape upya au uuskani. Hapa sikufichi, ni kazi ya kuchosha na yenye hatari. Fortran ya kale haijali nafasi kati ya maneno, na haidai kigeu kitangazwe. Mstari `DO 10 I = 1,10` maana yake rudia mara kumi. Skana ikisoma mkato kama nukta, unapata `DO 10 I = 1.10`, ambao kompaila inauelewa kuwa kuna kigeu kinaitwa DO10I na thamani yake ni 1.10. Haitalalamika. Kitanzi kimekufa na wewe huna habari. Chapeni watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha linganisheni faili. Mtoto wa sekondari mwenye subira anafaa kuliko skana nzuri.

Majibu yakitoka, usitegemee yafanane mpaka tarakimu ya mwisho. Namba za kawaida za Fortran hubeba takriban tarakimu saba, na kufumbua milinganyo mia mbili hula kadhaa kati ya hizo. Tena kompyuta za mjomba, kama zilikuwa na chipu ya hesabu ya 8087, zilipiga hesabu za katikati kwa biti 80. Tarakimu nne za mwanzo zikilingana kila mahali, kunja mkono umpe mjomba. Zikitofautiana kwa alama tu, umerudi kwenye suala la kufunguka na kufunga. Zikipishana kwa mara 57.3, mtu amechanganya digrii na radiani.

Je, kuandika upya ni vibaya basi? Hapana, kwa wakati wake. Ukishakuwa na ya zamani inayotembea na karatasi zinazokubaliana nayo, andika hata tano. Hata akili mnemba iite hapo, ni msaidizi mzuri wa kukusomea msimbo na kukueleza kitanzi fulani kinafanya nini. Shida yake ni kwamba huandika kitu kinachofanana sana na sahihi, na kwenye kazi hii kufanana na sahihi ndiyo sumu yenyewe. Nayo DOSBox inakupa uhai wa haraka, lakini inakufungia ndani: huwezi kuongeza ufa wa 101, wala huwezi kuona ndani. Mimi ningefanya DOSBox wiki hii kwa ajili ya mjomba, gfortran ndani ya miezi mitatu, na Python ningeiacha mpaka atokee mtu mwenye swali jipya la kuiuliza miamba. Asipotokea, usijitese.

Nimechelewa kufika kwenye madaftari, na ndiyo niliyoyaweka juu. Jiwe la chokaa la Amboni ni la zama za Jura, mamilioni mengi ya miaka iliyopita. Mapango yale yamechimbwa na maji yaliyopita kwenye nyufa yakayeyusha kuta zake pole pole, na hata ukitazama ramani ya vijia vya ndani unaona mistari iliyonyooka ya nyufa za asili. Mjomba, nadhani, alitembea na dira akipima kila ufa: mwelekeo wake na mwinamo wake. Baadhi ya sehemu alizopima huenda leo zimechimbwa kwa ajili ya saruji na kokoto, au zina nyumba juu. Vipimo hivyo havirudiwi. Programu inaweza kutungwa upya na mtu yeyote mwenye akili na miezi sita, ufa uliokwenda kuwa saruji hautungwi. Mali bila daftari huisha bila habari, na wewe daftari unalo.

Kwa hiyo yaingize madaftari kwenye jedwali la kawaida, faili la maandishi tupu lenye mkato kati ya safu, si la programu inayohitaji leseni. Andika mwelekeo ulipimwa kwa kaskazini ya dira au ya kweli, na mwinamo kwenda upande gani. Na jihadhari na ramani. Ramani za Afrika Mashariki za enzi za mjomba zilifuata Arc 1960, simu yako inafuata WGS84, na hiyo ni misingi miwili tofauti ya kupimia mahali. Ukizichukua namba zake ukazibandika kwenye simu bila kubadili, utasimama takriban mita 300 kutoka pale aliposimama yeye. Utatazama jiwe zima lisilo na ufa na kusema mzee alibuni.

Kuhusu haki, usichapishe kabla ya kuuliza. Alichoandika mjomba akiwa kazini huenda si chake peke yake, inategemea mkataba wake wa wakati ule. Na msimbo aliounakili kutoka kitabuni una mwenyewe. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, wanaweza kukuelekeza. Ruhusa ikipatikana, data na msimbo viweke Zenodo, hazina inayoendeshwa na CERN tangu 2013, ambako utapewa namba ya kudumu ya kunukuliwa. Msimbo pekee, ukiwa wazi mtandaoni, huweza kuingia pia Software Heritage iliyoanzishwa Ufaransa na Inria mwaka 2016. Nakala nyingine iwe kwako, na nyingine mbali na Tanga. Usitegemee flashi moja ya kwenye droo ya kibanda.

Kuna mambo mawili ambayo usiyafanye peke yako. Flopi za ukungu mpelekee mtu aliyewahi kuzisafisha kwa mkono wake, na umwone akifanya ya majaribio kwanza kwenye flopi isiyo na thamani. La pili ni zito zaidi. Habari zikienea kwamba una programu inayoonyesha nyufa zenye maji, watakuja watu kukuuliza wachimbe wapi kisima. Usiwajibu kwa programu. Karibu na bahari ufa uliofunguka huweza kuleta maji ya chumvi vilevile kama unavyoleta matamu, na ufa huohuo hubeba uchafu wa choo cha jirani bila kuuchuja. Wapeleke kwa mtaalamu wa maji ya ardhini atakayepima pale penyewe, na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kwa kibali, kwa kuwa mito ya Zigi na Umba iko chini yake. Na ukitaka mtu wa kukaa nawe juu ya jiolojia yenyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wajiolojia, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma. Nenda na picha za daftari, si na EXE.

Jumamosi ukienda kwa mjomba, usianze na kompyuta. Beba daftari la kwanza, washa kinasa sauti cha simu, umsomee ukurasa mmoja kwa sauti kwa kuwa macho yamechoka, kisha muulize maswali matatu tu: kwenye majibu yako, ufa uliofunguka ulikuwa chanya au hasi? Zipi uliziacha nje, na kwa nini? Na ni karatasi ipi humu ambayo wewe mwenyewe uliiamini? Ile atakayoigusa, ipige picha kwanza, na unitumie.